Mtu wa fidla kwenye ukuta wa nganda

Mwishoni mwa 1990 nilikuwa msaidizi wa fundi mmoja wa mabango huko Kamalondo, Lubumbashi. Niliosha brashi, nikakoroga rangi, nikashika ngazi. Zamani fundi alichora picha za sebuleni, mamba muntu, yaani nguva, na zile za "Colonie belge", za enzi ya ukoloni wa Wabelgiji, zilizopamba nyumba nyingi za wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi. Wanunuzi walipopungua, akahamia kwenye kuta za nganda, baa zetu za mtaani.

Siku moja akaja wakala wa bia, kijana wa Kinshasa, na mchoro wake kwenye karatasi. Ukuta ugawanywe mara mbili. Kushoto, mpiga fidla mwenye koti jeusi na tai ya kipepeo, na wasikilizaji wake wamesinzia midomo wazi. Kulia, orkestra, yaani bendi ya dansi, mabinti wanakata kiuno, chupa zinatoka jasho.

"Watu wajionee wenyewe pa kwenda," akasema.

Nadhani wazo hilo alilitoa kwenye gazeti la Ulaya. Huko tangazo la namna hiyo lina pa kushika, maana wapo wengi wanaoona muziki wa fidla ni wa wakubwa wanaowadharau, na muuza bia anajua kuwachekesha. Sisi je? Fundi alimkumbusha kwamba mwaka 1973 Franco na TPOK Jazz waliimba "Azda", tangazo la magari ya Volkswagen, na watu wakaucheza kama wimbo mwingine wowote. "Kwetu muziki hauna ghorofa, papa," akamwambia. Lakini pesa ni pesa, akachora.

Na alichora! Tai ile aliipiga kwa rangi nyeupe, kisha akaweka kivuli kidogo cha samawati kwenye fundo, akarudi nyuma, akatazama, akaongeza tena. Orkestra aliimaliza jioni, harakaharaka.

Basi wapita njia wakajazana upande wa kushoto. Abakosti, koti la serikali lisilovaliwa na tai, ilikuwa imetutawala tangu miaka ya sabini, tai ni marufuku. Rais Mobutu aliziruhusu Aprili ile ile ya 1990, alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Kwa vijana wa Kamalondo yule mpiga fidla hakuwa kichekesho hata kidogo. Alikuwa amependeza. "Papa, koti kama hilo linashonwa wapi?" Kuhusu orkestra hakuna aliyeuliza, waliiona kila Jumamosi bure.

Mama mmoja wa korali, kitenge cha parokia kiunoni, alitazama wale waliosinzia akauliza: "Na hawa ni Wakristo wa wapi?" Alikuwa na haki. Huu ni mji wa Joseph Kiwele, aliyetunga misa ya Katanga na pia wimbo wa taifa wa Katanga ilipojitenga mwaka 1960. Waliocheza Jumamosi usiku ndio haohao walioimba Haleluya ya Handel, muziki uleule wa kina fidla, Jumapili, sauti zimekauka kidogo, lakini waliimba.

Wakala aliporudi alikasirika, akataka yule mtu atiwe ubaya: kitambi, jasho, meno yaliyong'oka. Fundi akadai malipo mapya. Wakabishana mpaka jua likazama, mwishowe wakapatana: wasikilizaji wafumbuliwe macho, kila mmoja apewe chupa mkononi. Mpiga fidla hakuguswa.

Baada ya siku chache fundi cherehani wa jirani akaja kuagiza koti lilelile lichorwe mlangoni pake, bila fidla.