Siku Moja Maishani Mwangu: Kirikuu cha Samaki na Ethi Iliyooza

Saa 1:15 asubuhi, kabla sijamaliza kufagia banda langu la umeme wa magari hapa Kigamboni, kirikuu, gari dogo la mizigo, kinachobeba samaki kutoka Soko la Feri kiliingia kikisukumwa na vijana watatu. Dereva alinipa shikamoo, nikaitikia, kisha akasema kwa unyonge, "Fundi, betri imekufa tena." Ilikuwa ya pili ndani ya miezi minne. Ile ya kwanza ilihukumiwa na fundi mmoja aliyesikiliza selfu, yaani mota ya kuwashia injini, ikisuasua, akaagiza betri mpya bila kuweka mita ya umeme mahali popote. Jambo hili huniuma, kwa sababu fedha ya betri ni faida ya siku nyingi za kupakia samaki alfajiri.

Saa 2 nilipima betri ikiwa imetulia, nikapata volti 12.5. Nilimwomba dereva apige selfu kwa sekunde tatu, na kwenye nguzo za betri volti zikashuka hadi 11 tu. Betri iliyokufa haisimami hivyo. Nikahamisha ncha za mita: moja kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye chuma cha injini. Selfu ilipopigwa, mita ilisoma volti 1.6 zinazopotea njiani, wakati mimi sikubali zaidi ya 0.2. Kutoka hasi hadi chasisi peke yake zilikuwa 1.4, kwa hiyo sehemu kubwa ya hasara ilikuwa pale waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na chasisi, unapofungwa kwenye chasisi.

Wengi huiangalia chanya na kuisahau njia ya kurudi. Umeme unaotoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri, na katika gari hurudi kupitia chasisi na waya wa ethi. Selfu ikivuta ampea 100, ukinzani (kizuizi cha umeme njiani) wa omu 0.01 tu, ambao mita ya kawaida haiwezi kuupima kwa uhakika, hula volti 1 nzima. Ndiyo maana sipimi ethi gari likiwa limezimwa: waya uliobakiwa na nyuzi chache nzima husoma karibu omu sifuri, kisha hushindwa mzigo unapokuja.

Saa 4 nilifungua. Nilianza na hasi kwenye betri, ambayo hutangulia kutoka na kurudi ya mwisho, ili spana ikigusa bodi isipige cheche. Betri ya kirikuu hiki imefungwa chini ya bodi, ubavuni mwa chasisi, mahali ambapo maji ya barafu na chumvi ya samaki hudondoka kila siku. Juu, kichwa cha waya kilionekana kizima. Nilipokigeuza, upande uliolala kwenye chasisi ulikuwa na unga wa kijani, na chini yake kutu nyembamba iliyofuata duara la bolti. Nilichana ganda la waya kwa kisu, na nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi hadi urefu wa kidole. Waya wa namna hiyo hausafishwi, hutupwa.

Nilikata waya mpya wa milimita za mraba 25, nikaubana kichwa chake kwa mashine ya kubania. Kwenye chasisi nilipiga msasa hadi chuma kikang'aa, eneo pana kuliko kichwa chenyewe, kwa sababu rangi haipitishi umeme hata ukaze bolti namna gani. Nikaweka washa, kile kipete cha chuma cha chini ya bolti, yenye meno, nikakaza, ndipo nikapaka grisi juu ya kiungo chote kuzuia chumvi. Kisha niliongeza waya wa pili kutoka injini hadi chasisi, kwa kuwa injini imeketi juu ya mipira na haipati ethi ya kutosha kwa kukaa tu.

Saa 7 nilikula wali na maharage, nikasali.

Saa 8:30 tulirudia kipimo kilekile. Kutoka hasi hadi injini, selfu ikizunguka, mita ilisoma 0.08, na injini ikawaka mara moja. Ikiwa inanguruma, betri ilikuwa ikichajiwa kwa volti 14.1, na taa kubwa hazikufifia tena honi ilipopigwa.

Saa 11 jioni dereva alirudi akiwa amebeba ile betri ya kwanza, ambayo bado hakuwa ameiuza kama chakavu. Nimeiweka kwenye chaja, na kesho asubuhi nitaipima ikiwa na mzigo.