Kwenye kaburi la William Hall

Jumamosi iliyopita niliendesha gari kutoka Halifax hadi Hantsport, mji mdogo wa Nova Scotia nchini Kanada, kulizuru kaburi la William Hall. Baharia huyu mweusi, ambaye wazazi wake walitoroka utumwa nchini Marekani, alikuwa miongoni mwa watu wa manowari ya Uingereza HMS Shannon walioteremka Calcutta na kupeleka mizinga mizito ya meli hadi Lucknow, mji wa India, wakati Wahindi walipoasi utawala wa Waingereza. Tarehe 16 Novemba 1857, mbele ya ukuta wa Shah Najaf, jengo la kaburi lililogeuzwa ngome ya waasi, wenzake waliokuwa kwenye mzinga waliuawa au kujeruhiwa, akabaki yeye na Luteni Thomas Young, nao wakaendelea kuujaza na kuufyatua hadi ukuta ukatoboka. Wote wawili walitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, Hall akiwa mtu mweusi wa kwanza kuupata.

Nakiri kwamba nilisimama pale na moyo wenye pande mbili, kwa kuwa vita vile vilikuwa vya kuwatiisha Wahindi. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba alipofariki mwaka 1904 alizikwa bila heshima za kijeshi, katika kaburi lisilo na alama, na mabaki yake hayakuhamishiwa Hantsport hadi mwaka 1945.