Heinrich yupi? Kusoma matawi ya ukoo wa Reuss

Kati ya koo ndogo zilizotawala vipande vya Ujerumani ya zamani, Reuss wa Thuringia ndio wanaowachosha watafiti kuliko wote. Kila mtoto wa kiume aliitwa Heinrich. Wote, hata aliyefariki akiwa mchanga.

Jina lisingesumbua hivyo kama ardhi isingegawanywa. Mwaka 1564 ndugu watatu waligawana urithi, yakatokea Tawi Kubwa la Greiz, Tawi la Kati, na Tawi Dogo la Gera. La Kati lilikosa mrithi mwaka 1616, eneo lake likagawanywa kwa mawili yaliyobaki. Huko Gera akatawala Heinrich Posthumus (1572–1635), aliyepewa lakabu hiyo kwa kuwa alizaliwa baba yake ameshafariki. Wanawe nao wakagawana, na baada ya muda kukawa na Gera, Schleiz, Lobenstein na Ebersdorf, kila mahali na kasri lake na Heinrich wake.

Nambari ndizo mtego hasa. Zinafuata kuzaliwa, hazihusiani na kutawala. Tawi Kubwa lilikusudia kuhesabu hadi 100 ndipo lianze upya, ingawa halikufika hata robo kabla ya kuzimika. Tawi Dogo lilianza upya karibu kila karne. Ndiyo maana Heinrich LXVII (67), aliyezaliwa 1789, alirithiwa na mwanawe Heinrich XIV (14), aliyezaliwa 1832. Asiyejua atamweka mwana juu ya baba. Tena wapo akina Heinrich XXIV wawili walioishi wakati mmoja: mtunzi wa muziki wa Köstritz, kijitawi cha Tawi Dogo (1855–1910), na yule wa mwisho wa Greiz (1878–1927). Ukiandika nambari bila tawi hujaandika kitu.

Usitegemee cheo pia. Matawi yote yalijiita mabwana wa Plauen, na wa Greiz, Kranichfeld, Gera, Schleiz na Lobenstein, hata yule asiyemiliki ila kimoja kati ya hivyo. Plauen yenyewe ilikuwa imeshaangukia kwa Saxony! Cheo kilitunza dai la ukoo mzima, ili tawi moja likizimika mengine yasije yakaambiwa si warithi.

Kwa hiyo kwa kila Heinrich andika tawi, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, kasri, jina la baba, kisha mama na mke. Kwa maoni yangu wanawake ndio ufunguo bora: walitoka koo nyingine na wana majina yanayotofautiana. Hati mbili zikimtaja mke mmoja kwa Heinrich wawili wenye nambari tofauti, chunguza kwanza kama mwandishi mmoja alihesabu vibaya, kisha kama mjane aliolewa tena ndani ya ukoo.

Tarehe nazo zina hila. Reuss walikuwa Walutheri, na majimbo ya Kiprotestanti ya Ujerumani yalibaki na kalenda ya Juliasi hadi 18 Februari 1700. Kesho yake ikawa 1 Machi. Kabla ya hapo, 10 Mei 1650 ya Gera ni 20 Mei ya Vienna, iliyokuwa ya Kikatoliki na ikitumia kalenda mpya ya Gregori. Mtoto mmoja aliyeandikwa tarehe mbili zilizopishana siku 10 hugeuzwa pacha kwa urahisi sana.