Kwani Ngudu kumehama?

Leo Alhamisi, siku ya sita tangu yule mzee aniambie vile, na bado. Nikipima dagaa naisikia sauti yake, nikioga naisikia. Jana nimemrudishia mteja chenji ya elfu kumi mara mbili (akaondoka nazo zote, Mungu anamwona) kwa sababu mwili ulikuwa sokoni Mwaloni, hapa Mwanza, lakini kichwa kilikuwa dukani kwa yule mzee, kinamjibu jibu zuri sana ambalo siku ile halikuja.

Habari za Babu Mshihiri, baba yake Bibi, mnazijua. Leseni yake ya duka ya 1948 niliwaonyesha mwezi wa saba: Salum Awadhi, Ngudu (kule Kwimba), na pale penye kabila mtu kaandika kwa mkono "Shihiri". Neno hilo moja limenila karibu mwaka mzima. Nikaitafuta Shihiri kwenye ramani, nikaikuta kweli, mji wa bandari pwani ya Yemen, mashariki ya Mukalla, nikawatangazia ndugu kwamba kwetu kumepatikana. Mama akapika maandazi ya sadaka. Kumbe wapi! Aliyenizindua ni ustadhi anayemsomesha mwanangu Nuru. Huku kwetu, anasema, kila Mwarabu wa Hadhramaut, jimbo lenye bandari hiyo, aliitwa Mshihiri, awe wa Shibam, wa Tarim au wa bonde gani huko ndani, kwa kuwa majahazi yao yaling'oa nanga Shihiri.

Na hili nilitakiwa nilijue bila kufundishwa na mtu, maana ndiyo kazi yangu. Dagaa wa Goziba, wa Ukerewe, wa Musoma, wakishapita Mwaloni wakafika Dar wanaitwa dagaa wa Mwanza. Hakuna anayemuuliza dagaa.

Ustadhi akasema kama kuna mtu mjini hapa anayejua nani alitoka kijiji gani, ni mzee mmoja mwenye duka la udi na marashi. Jina na mtaa naviweka kapuni. Jumamosi nikaenda, nimevaa baibui la sikukuu, nimebeba kilo mbili za dagaa wa kukaanga niliowachambua mwenyewe punje kwa punje. Mazungumzo yenyewe ni haya, sikuongeza wala kupunguza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba binti. Udi au ubani?"

"Sikuja kununua babu, nimekuja kuuliza."

"Uliza." Alikuwa anafunga ubani kwenye vipande vya gazeti, anasokota ncha, anapanga. Macho chini.

"Mimi ni kitukuu wa Salum Awadhi, alikuwa na duka Ngudu. Mshihiri. Nataka kujua kwetu ni wapi."

Hapo akaacha kusokota. Akanitazama kuanzia viatu, akapanda taratibu hadi kwenye mtandio, akarudi usoni, akakaa hapo.

"Kwenu?"

"Ndiyo babu."

"Kwani Ngudu kumehama?"

Vijana wawili waliokuwa wanapakua maboksi wakacheka. Yeye hakucheka. Kisha akaingia mama mmoja anataka udi wa harusi, mzee akageuka naye, na mimi nikasimama pale na mfuko wangu kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Nikauliza dagaa niwaweke wapi. Akaonyesha kwa kidevu. Nikasema, "Haya babu, asante."

Asante ya nini? Hilo nalo linaniuma peke yake.

Siku mbili za kwanza nilihangaika na "kwani". Angeweza kusema "Si Ngudu?" na yangeisha. Hiyo "kwani" ina mlango wake wa nyuma, mtu akikuambia "kwani umelipa?" ameshajua hujalipa. Halafu lile jicho. Rangi yangu mnaijua, ni ya Kwimba tupu, pua tu ndiyo inayobisha. Nikaona mzee amenipima, akakuta Mwarabu wangu hafiki hata sado moja, akanirudisha nilikotoka.

Nikayapeleka kwa watu. Dada Zaina akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, ambao ukiukamua unabaki hivi: kakuambia wewe ni Msukuma, acha kujipendekeza. Baba Nuru akasema ni utani tu, wazee wa Mwanza wote ni watani, nile nilale. Mama akanyamaza kwanza, halafu akauliza, "Ulimwamkia?" Nilimwamkia, Mama! Ndilo nililoanza nalo!

Majibu yangu yalikuja usiku, kama kawaida ya majibu. Jumapili saa tisa: "Hakujahama babu, ila kuna mtu alihamia." Jumatatu: "Na kwenu je, babu, kupo palepale?" Jumanne likaja moja kali mno, siliandiki, yule ni mtu mzima.

Jumanne hiyohiyo, asubuhi, akaja kijana kizimbani kwangu. Sijauza hata sado moja, mikono bado inanuka sabuni. Anasema, "Sinunui dada, nauliza tu bei." Nikamjibu vibaya. Nikajisikia ninavyomjibu, nikakaa juu ya gunia. Kwa sababu na mimi nilimwingilia yule mzee saa tatu kasoro, hajafungua biashara, nikamwambia "sikuja kununua". Mimi! Mtu ninayewaka akija wa kwanza asiyenunua! Kipande cha ubani cha elfu moja kingenishinda nini? Ningekaa, ningepewa kahawa, tungeulizana afya na mvua, na swali langu lingejiuliza lenyewe. Badala yake nimeingia kama mtu wa sensa.

(Wiki hiyo tumepeleka posa ya kaka Idi Sengerema na wamekubali, tumevuka daraja la Kigongo–Busisi mimi nimekaa dirishani nawaza udi, Nuru kang'oka meno mawili ya mbele, na wale Wakongo wamelipa deni la Februari. Siku nyingine ningewajazia ukurasa.)

Jana jioni nikampelekea Bibi dawa zake za presha Igoma. Sikupanga kumwambia. Ila Bibi mnamjua, akakuangalia tu unajikuta unatapika.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Hapana, rudia alivyosema yeye."

Nikaigiza sauti, hadi kidevu. Bibi akacheka mpaka kanga ikamtoka begani, akakohoa, Mama akaja mbio na maji. "Kumehama! Ngudu ihame na mawe yale! Nani huyo, mke mwenzangu?"

Nikamtajia. Akanyamaza kidogo.

"Wa udi? Si mtoto wa yule wa kahawa?" Akaanza kuhesabu kwa vidole watu ambao mimi siwajui. "Huyo nilimbeba mgongoni mimi."

Mnaona sasa. Baba yake yule mzee, kwa maneno ya Bibi, alishuka kwenye treni Malya miaka ya vita ya Hitla, kanzu moja mwilini na dele la kahawa mkononi. Kwao njaa ilikuwa inaua. (Nimemuuliza ustadhi, anasema ni kweli: Wahadhrami wengi walikuwa wanaishi kwa fedha za ndugu zao walioko Java na Singapore, vita ikaikata njia hiyo, na 1943 hadi 1944 watu wakafa kwa njaa.) Babu Mshihiri akamlaza dukani juu ya magunia ya karanga msimu mzima, akamwozesha, na yule mtoto akazaliwa hapohapo Ngudu, nyuma ya duka. Bibi alikuwa na miaka minane hivi, akapewa kazi ya kumbeba. "Alikuwa analia akiona mtu anatafuna matobolwa. Hata meno hana. Analia tu." (Matobolwa ni viazi vitamu vya kuchemshwa vikakaushwa.)

Nikamuuliza, "Kwa hiyo Ngudu ni kwao?"

"Kwao wapi tena? Kitovu chake kiko pale."

Tangu hapo naisikia sentensi ileile kwa sauti nyingine. Alisema "Nguudu", akaivuta ile u kama wanavyoivuta wa kule, siyo kama tunavyoikata sisi wa mjini. Na lile jicho lililoanzia viatuni, labda halikuwa linanipima. Labda lilikuwa linamtafuta mtu. Mimi na Bibi tumefanana, hata picha ile ya kitambulisho chake watu hudhani ni mimi nimejifunga kilemba. Au labda bado ni dharau na mimi najipaka mafuta. Usiku kucha nimekuwa nageuza upande huu, nageuza ule, kama kaukau kwenye karai.

Sasa Bibi alikuwa ameshachangamka, hakunyamaza. Mwaka mzima nimekuwa namuuliza, "Bibi, babako alitoka mji gani?" naye ananijibu, "Arabuni." Jana sikuuliza kitu, yakatoka. Kwamba baba yake alipanda jahazi na upepo wa kaskazi hadi Mombasa, akapanda gari moshi hadi Kisumu, akaingia Mwanza kwa meli, maana reli ya kutoka Tabora ilikuwa haijafika (ilifika 1928, kwa hiyo kabla ya hapo). Kwamba asali ya Ngudu alikuwa haigusi. Wakimletea kibuyu anaonja kwa ncha ya kidole, anakunja uso, anasema nyuki wa huku wanakula takataka, nyuki wa kwao wanakula mkunazi. Akapanda mkunazi nyuma ya duka ili awaonyeshe. Nyuki hawakujali, mti ukawa wa mbuzi na watoto. Alipofariki, 1963, majani ya kumwoshea yalichumwa pale.

"Akiwa na homa ndio alikuwa anapataja," Bibi akasema. "Hureba, Hureba."

Mama Grace wa jirani alikuwa amekuja kuomba chumvi, akadakia mlangoni, "Horebu! Mlima wa Mungu! Musa!" Tukamkaribisha chai.

Nikamwandikia ustadhi pale pale: asali, mkunazi, Hureba. Haikupita nusu saa. Asali ya mkunazi ni sifa ya bonde la Doan, Hadhramaut ya ndani, na ndani ya bonde hilo kuna mji unaitwa Khuraiba. Kh yao kwetu inalainika, inakuwa h. Akaongeza, akiwa na furaha kama vile kaupata yeye, kwamba jina lenyewe lina shina moja na "haribu" yetu: kagofu, kamahame. Na akanionya kwamba majina kama hayo Uarabuni yako mengi, nisikimbilie maandazi.

Basi huko ndiko, au karibu na huko. Nilifungua ramani kwenye simu nikiwa kitandani, nikatazama kutoka juu. Bonde jembamba, kuta za mwamba pande zote mbili, nyumba za udongo zimebanana chini ya mwamba rangi moja nao, huwezi kujua mlima unaishia wapi, na katikati mstari wa kijani wa mitende. Kwenda si leo wala kesho, nchi ile iko vitani tangu 2015. Nilitegemea nitalia. Nilifurahi, kama dakika tano. Nikamwonyesha Baba Nuru, akasema pamekauka. Halafu nikafunga simu, na giza lilipoingia tu: kwani Ngudu kumehama?

Asubuhi Mama kapiga simu. Bibi kaamka mapema, kaoga, anauliza Jumamosi tunatoka saa ngapi. Anataka kupelekwa dukani. Mama kamkumbusha magoti, kamwambia lile duka lina ngazi, nimezitaja mimi mwenyewe, nne. Bibi kasema kijana aliyebebwa naye ashuke yeye barazani. Tena ameagiza matobolwa kutoka Ngudu, kwa basi, kilo moja, na kwamba mimi nikae kimya mpaka aseme yeye. Nitanunua ubani kwanza. Nitanunua wa elfu tano.

Sijui nani atamwamkia nani. Yule ana miaka sabini na tisa na mji mzima unampa shikamoo, na Bibi hajawahi kumwamkia mtu aliyemfuta kamasi.

Nimefika hapa upepo umegeuka. Radi zinamulika upande wa ziwa, bado mbali lakini zinakuja. Gunia zangu kumi na nne ziko nje Mwaloni chini ya lile turubai lenye tundu pembeni, ambalo Masanja aliniambia tangu Jumatatu nikasema nitanunua jingine, na wale wa kwenye chanja hata hawajakauka. Nimempigia mara tatu. Inaita tu.