Kulabu Zitazame Nje

Januari 2019, yapata saa nne usiku, niliegesha lori langu pembeni mwa barabara ya I-70, karibu na mji mdogo wa Georgetown katika jimbo la Colorado nchini Marekani, nikiwa nimebeba tani 18 za vyakula vya makopo kutoka Denver kwenda Grand Junction. Bango la umeme lilikuwa limetangaza kwamba sheria ya cheni imeanza kutumika, yaani malori yafungwe minyororo ya chuma kwenye matairi yasiteleze, na theluji ilianguka kwa wingi hata taa za lori la mbele yangu zikawa nukta mbili tu nyekundu. Nilikuwa nimeendesha malori miaka 11 kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na mlima Kitonga niliujua kona kwa kona, kwa mzigo na bila mzigo. Lakini cheni za theluji sikuwahi kuzifunga hata mara moja.

Sheria yenyewe nilikuwa naijua vizuri. Kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, kila lori kubwa la biashara linalopita I-70 kati ya Dotsero na Morrison, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, ni lazima libebe cheni za kutosha, hata siku ambayo jua linawaka. Sheria ikitangazwa, dereva wa lori kama langu huzifunga kwenye matairi 4 ya difu, kwa kuwa hayo ndiyo yanayolivuta gari. Asiyefunga hutozwa faini ya dola 500, na akiziba njia kwa sababu hiyo, dola 1,000, mbali na tozo nyingine. Sijawahi kuiona faini hiyo kuwa ya uonevu. Kutoka Georgetown hadi handaki la Eisenhower barabara hupanda karibu mita 800 katika mwendo wa kilomita 22 hivi, na handaki lenyewe liko kwenye mwinuko wa takriban mita 3,400. Lori moja likiteleza hapo, kichwa kikatazama huku na trela kule, hakuna gari linalopita, hata likiwa la wagonjwa.

Kilichoniuma ni kwamba siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa mfuko wa cheni, nikatia saini kuwa nimeupokea, na hakuna mtu aliyeniuliza kama najua kuzifunga.

Nikavaa glavu, nikaburuta cheni ya kwanza, ambayo ilikuwa nzito kuliko ndoo ya maji ya lita 20, nikaitupia juu ya tairi na kuiunga kama nilivyodhani inapaswa kuungwa. Nilirudi kwenye usukani, nikasogeza lori kama hatua mbili, kisha nikashuka kuangalia, huku nikijisemea kwa Kiswahili kama afanyavyo mtu mwenye hofu. Ndipo niliposikia sauti nyuma yangu: “Ndugu, usisogeze tena hiyo motokari!” Kwa neno hilo moja nilijua ni mtu wa Kongo. Alikuwa mzee wa makamo, dereva wa lori lililokuwa mbele yangu, na tochi aliifunga kichwani.

Akamulika cheni yangu. Ncha za kulabu zilikuwa zimeelekea kwenye mpira. “Kulabu zitazame nje, mwanangu. Zikitazama ndani zinakula tairi.” Akaushika mkono wangu, akapitisha kidole changu kwenye ubavu wa tairi, nikahisi mfereji mwembamba uliokwisha kuchimbwa na hatua zile mbili.

“Shikamoo, mzee,” nilisema, maana sikuwa na neno jingine.

Hakunifungia hata cheni moja. Alisimama na tochi yake akaniagiza niivue yote, niitandaze kwenye theluji, niipapase kuanzia mwanzo hadi mwisho kutafuta pingili iliyojisokota, kisha niitupie juu ya tairi upande laini ukigusa mpira. Ilinibidi nilale chali kwenye theluji ili kuifikia kulabu ya ndani, ambayo hufungwa kwanza, ndipo ile ya nje, kisha vikazio, kisha mipira ya kuvuta cheni isilegee. Tukasogeza lori mita chache, nikakaza upya. Cheni nne zilinichukua saa moja na nusu, na muda wote huo theluji ilikuwa ikimwangukia mabegani.

Tulipanda kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, yeye mbele na mimi nyuma. Ndani ya handaki, kwenye lami kavu, cheni zilipiga kelele hata nikadhani difu imevunjika. Tulivuka hadi upande wa pili wa mlima wa Vail, na karibu saa tisa usiku, lami ilipoanza kuonekana tena, nilisimama kuzifungua. Mzee alipiga honi mara mbili akaendelea na safari yake.

Wiki iliyofuata nilikwenda ofisini kuomba madereva wapya wafundishwe kabla ya kutia saini. Walikubali. Jumamosi moja, katika yadi kavu, tulifunga na kufungua cheni watu 6, na nilipofunga kwa mara ya 4 nilimaliza kwa dakika 35.