Nimeambiwa Nipunguze Usafi

Tangu Jumanne nimekuwa nikiyarudia mazungumzo yale kichwani, niwe jikoni, niwe ndani ya basi, hata katikati ya kikao alichotambulishwa mkuu wetu mpya, ambacho sikumbuki jambo jingine lolote lililosemwa humo. Daktari, binti wa rika la mdogo wangu wa mwisho, alivua glavu, akanawa mikono, akaketi na kuniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, ukitoka haja kubwa unajisafishaje?" Nikamjibu, tena kwa fahari, kwamba natumia maji na sabuni kila mara, na kabla ya kulala naongeza kwenye maji matone ya dawa ya kuua vijidudu.

"Punguza," akasema.

"Nipunguze nini, daktari?"

"Usafi, mama."

Mnaomfahamu mama yangu mzazi na usafi wake mtaelewa kwa nini nilinyanyua mkoba wangu kana kwamba nimetukanwa.

Kilichonipeleka kwake ni damu nyekundu mbichi iliyokuwa ikionekana kwenye karatasi na kudondoka chooni baada ya choo kigumu, bila maumivu yoyote, pamoja na mwasho ulionianza kila nilipopanda kitandani. Nilikuwa nimeyachukulia hayo kuwa ugonjwa mmoja. Baada ya kunilaza ubavu wa kushoto, magoti yakiwa yamekunjwa kuelekea kifuani, na kunipima kwa kidole na kwa kifaa kifupi chenye taa, alisema kwamba nina mambo mawili yaliyokutana mahali pamoja. Damu inatokana na bawasiri ya ndani. Kila mtu ana mafungu ya mishipa ya damu karibu na tundu la haja kubwa, nayo huvimba kwa kukakamua, kwa kukaa chooni muda mrefu au kwa ujauzito. Yale ya ndani huvuja damu bila kuuma kwa kuwa utando ulioyafunika hausikii maumivu kama ngozi ya nje inavyosikia. Ingekuwa ni mpasuko wa ngozi ya tundu lenyewe, alisema, ningeujua mwenyewe, maana mpasuko humkata mtu wakati wa kupata choo na maumivu yake yanaweza kuendelea kwa saa kadhaa baadaye.

Mwasho ndio niliojitengenezea kwa sabuni, kwa maelezo yake. Ngozi ya sehemu ile ni nyembamba na hulindwa na mafuta yake ya asili. Sabuni huyaondoa, dawa ya vijidudu huiunguza, ngozi hukauka na kuchanika, mtu hujikuna usingizini, kisha asubuhi huosha kwa bidii zaidi kwa kudhani kwamba hajatakata. Nilimuuliza kama hakuna sababu nyingine, na nakiri nilitamani iwepo. Akasema zipo: fangasi, ukurutu, unyevu unaovuja kutoka kwenye bawasiri yenyewe, na minyoo midogo myeupe ambayo jike lake hutoka usiku kutaga mayai kuzunguka tundu la haja kubwa. Akauliza kama kitinda mimba wangu hujikuna usiku, kwa sababu minyoo hiyo ikipatikana kwa mmoja hutibiwa nyumba nzima, na dozi hurudiwa baada ya wiki 2. Hajikuni. Ikabaki sabuni.

Maagizo aliyonipa ni mepesi kiasi cha kuudhi. Nioshe kwa maji matupu, nikaushe kwa kugusisha taulo laini pasipo kusugua, niache vitambaa vya kujifutia vyenye manukato, nivae chupi za pamba zisizobana, na nikate kucha. Krimu yenye steroidi aliyoniandikia ni ya muda mfupi tu, maana ikipakwa muda mrefu huifanya ngozi izidi kuwa nyembamba. Kwa ajili ya damu, nile gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye matunda, mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa, nikiziongeza kidogo kidogo ili tumbo lisijae gesi, ninywe maji ya kutosha, nisizuie haja inapokuja, na simu isiingie nami chooni. Nikae pia ndani ya maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, bila kutia kitu chochote humo. Hapo alinitazama usoni kabisa.

Usiku wa kuamkia jana nililala moja kwa moja mpaka alfajiri. Nilipoamka nilibaki nimejilaza nikisubiri mwasho uanze, haukuanza, nikacheka peke yangu hadi mume wangu akauliza kulikoni. Bado naona angeweza kulisema lile jambo kwa namna nyingine, lakini leo nisingemnyanyulia mkoba.

Amenipangia pia kipimo cha kamera cha utumbo mpana, kwa kuwa nimevuka miaka 45 na kwa sababu, alivyosema, kuiona bawasiri hakuthibitishi kwamba hakuna kingine juu zaidi ndani ya utumbo. Alitaka kujua kama katika ukoo wetu yupo aliyewahi kuugua saratani ya utumbo, kwa hiyo jana jioni nilimpigia kaka mkubwa. Alinicheka sana kuhusu usafi. Kisha akanyamaza, akauliza: "Na choo kikiwa cheusi?" Nikamuuliza cheusi namna gani, akasema kinanata kama lami na kina harufu mbaya, na ni tangu wiki iliyopita. Hatumii vidonge vya madini ya chuma, ambavyo navyo huweza kukifanya choo kiwe cheusi. Anachomeza kila siku ni vidonge vya maumivu ya goti, na vidonge vya aina hiyo vinaweza kusababisha kidonda cha tumbo kinachovuja damu. Nilimwambia hilo si la kusubiri hata kesho. Akanijibu kwamba atakwenda baada ya harusi ya mwanawe, na harusi yenyewe ni Jumamosi. Nimemwandikia wifi, ambaye alikuwa hajui lolote, na mpaka sasa hajaniambia kama amefaulu kumpeleka hospitali.