Kitunguu Kilichoota

Mama alikuwa akiuza vitunguu sokoni, vingi vikiwa vimelimwa Mang'ola, kule Karatu, na kwake kitunguu kilichoota kilikuwa hasara. Alikitoa kwenye fungu na kukitia kwenye ndoo ya kupikia nyumbani. Kwa hiyo nilipokuwa kidato cha nne, mwalimu wa baiolojia alipotuagiza vitunguu, nilichagua kwenye ndoo ile.

Tuliviweka juu ya glasi za maji, kitako kikigusa maji kidogo tu. Baada ya siku chache mizizi ilikuwa imeshuka kama ndevu nyeupe.

"Kateni ncha tu," mwalimu alisema, "milimita mbili za mwisho. Hapo ndipo seli zinapogawanyika. Za juu yake zinarefuka tu."

Ncha tulizichovya kwenye asidi ya hidrokloriki yenye uvuguvugu ili seli ziachane, kisha kwenye rangi nyekundu inayokamata kromosomu, zile nyuzi ndogo za ndani ya seli zinazobeba urithi. Juu kioo chembamba, karatasi, halafu unabonyeza kwa kidole gumba. Slaidi yangu ya kwanza ilipasuka.

Hadubini ilikuwa moja, imewekwa dirishani ili kioo chake kipate jua. Nilisubiri zamu yangu nikiamini nitaona seli ikigawanyika mbele ya macho yangu. Niliinama. Hakuna kilichotikisika.

"Zimekufa," mwalimu alisema. "Kila moja imesimama pale ilipofikia. Wewe ndiye uzipange."

Nikaanza kutafuta. Nyingi zilikuwa na kiini cha duara tu. Moja kiini chake kilikuwa nyuzi zilizosokotana. Nyingine kromosomu zimejipanga katikati, mstari mmoja. Kisha nikaiona ile ambayo hadi leo nikifumba macho naiona: makundi mawili yakivutwa huku na huku, mikono ya kromosomu ikiburutwa nyuma.

Seli ya mzizi wa kitunguu ina kromosomu 16, na hapo ndipo nilipokuwa nimekwama siku zote. Mimi nilijua kugawa kwa mafungu ya Mama: ukigawa fungu, kila upande unapungua. Mwalimu akanieleza taratibu kwamba kabla ya kugawanyika kila kromosomu hujinakili, na nakala ndizo zinazoachana. Kila seli mpya inaondoka na 16 zake kamili. Nilirudi kwenye lenzi nikatazama tena mpaka wenzangu wakanivuta shati.

Jioni nilimsimulia Mama, tukiwa tunachambua vitunguu uani. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa hizo seli mpya zinajengwa kwa kitu gani," akauliza, "na hapa kwenye ndoo hakuna udongo wala mbolea?"

Nikasema chakula kinatoka kwenye kitunguu chenyewe, kwenye yale maganda yake manene.

Akaokota kimoja kilichoota, akakibonyeza. Kikabonyea.

"Ndiyo maana vikiota vinakuwa laini," alisema.